Fundi Umeme na Fimbo ya Bei Mbaya

Kiti cha Fundi kilikuwa kipya kuliko viti vyote vya nyumba ile. Sababu ilikuwa moja tu: hakikukaliwa. Fundi Umeme alikunywa chai amesimama. Alivaa viatu huku anatembea. Akipokea simu, aliizunguka meza mpaka mkewe akaona kizunguzungu kwa niaba yake.

Kazini tabia hiyo ilimfaa sana. Alipanda ngazi, akashuka, akavuta nyaya, akatoboa kuta. Wenzake walipoketi kupumzika, yeye alikuwa ameshahamia chumba cha pili. Watu walimsifu kwa hilo, na kazi hazikumwishia.

Lakini kila Jumapili, mtu huyu asiyejua kukaa alichukua fimbo yake ya kuvulia samaki akaenda bwawani, kukaa.

Alikwenda na shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji alikuwa kinyozi. Mkono wake ulizoea kutulia, maana kinyozi akitikisika, mteja anarudi nyumbani na sikio moja. Wawili hawa waliketi ukingoni, hatua tano kati yao. Maji yalikuwa yaleyale. Chambo kilikuwa kilekile, minyoo ya kopo moja. Hata hivyo, kwa wiki sita mfululizo, Shemeji alirudi nyumbani na samaki, na Fundi alirudi na kopo.

"Umepata wangapi leo, shemeji?" Shemeji aliuliza, ingawa alikuwa amekaa palepale na macho yake mawili.

"Wanadonoa, lakini siwasikii mkononi."

"Pengine wanakuonea haya."

"Cheka tu. Wewe una fimbo ya kaboni. Mimi nina fito hili la faiba. Hata kiboko akimeza ndoano, mimi nitaambiwa na majirani."

Fimbo ya Shemeji ilikuwa nyeusi, nyembamba na nyepesi. Aliinunua kwa bei mbaya, na hakutaka mtu yeyote asahau. Kila baada ya kuvua aliifuta kwa kitambaa laini kuliko kile alichowafutia wateja.

Fundi alivuta mshipi wake wa kuvulia juu kwa mara ya ishirini siku ile. Ndoano ilikuwa tupu. Samaki walikuwa wamekuja, wamekula, wamefuta midomo na kuondoka, na yeye hakuwa na habari. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kama samaki hawapo, mtu anavumilia. Lakini kuibiwa huku umeshika mlango ni jambo jingine.

Jumatatu alipotoka kazini alipita kwenye duka la vifaa. Ndani ya kabati la kioo ilisimama fimbo ya kaboni, ghali kuliko hata ile ya Shemeji. Kikaratasi kilining'inia kwenye mpini wake: "Usikivu wa hali ya juu."

"Hii samaki akipiga chafya karibu na ndoano, unajua," alisema muuzaji.

Fundi aliishika. Akairudisha. Akatoka. Akarudi. Jumanne alipita tena. Jumatano alipita mara tatu, na mara ya tatu hakuwa hata na njia ya upande ule. Muuzaji aliwajua wateja wa aina hii. Alimwacha azunguke kwanza, kisha akamwambia:

"Fundi, mimi nina rafu za kufunga ukutani, na sina drili. Wewe una drili. Lete yako, uchukue fimbo. Nakuwekea mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Nikifunga duka, basi."

Hapa inafaa msomaji aelezwe kuhusu drili hiyo. Ilikuwa mashine kubwa ya kutoboa zege, na Fundi hakuwa na nyingine. Na Jumatatu iliyofuata alitakiwa kuanza kuweka umeme katika zahanati mpya. Vyumba kumi na viwili, kuta zote za zege.

Usiku huo hapakuwa na mjadala, maana Fundi aliogopa kumwambia mkewe. Alhamisi mchana ndipo kikao kilipofanyika jikoni. Wajumbe walikuwa wawili. Mkewe alikuwa anamenya viazi.

"Mama watoto, nimefikiria jambo."

"Kaa kwanza."

"Nitasema nimesimama."

Akasema. Mkewe aliweka kisu chini.

"Drili hiyohiyo inayotulisha?"

"Nitatumia tindo na nyundo. Zamani mafundi walitoboa kwa tindo."

"Zamani kuta zilikuwa za udongo. Zahanati ni zege. Utamaliza wakati watoto watakaozaliwa humo wameshaota ndevu."

"Siyo samaki tu. Ni heshima. Kaka yako ananicheka mbele ya bwawa zima."

"Kaka yangu anakucheka tangu siku ya harusi, na hukuuza kitu."

Fundi alianza kuizunguka meza. Mkewe alimtazama mizunguko mitatu. Alijua kwamba mume akishaanza kuzunguka, maneno hayamfikii. Kwa hiyo hakubishana naye tena. Alifuta mikono, akatoka, akaenda nyumba ya pili.

Nyumba ya pili aliishi mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Samaki. Alikuwa afisa wa uvuvi. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wavuvi na wafugaji wa samaki, kuwaelekeza na kuwakataza. Viatu vyake virefu vya mpira vilianikwa ukutani kila jioni, miguu juu, kama mtu aliyeingia kisimani kichwa kwanza.

Ijumaa saa kumi alasiri, Fundi alikuwa ameshaiweka drili kwenye sanduku lake, na sanduku liko mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda dirishani na kurudi. Bibi Samaki akaingia. Alikuwa na fimbo yake mkononi, ya bei ya kati, na bunda la mshipi mwembamba kama uzi wa kushonea. Nyuma yake aliingia Shemeji, ameitwa kutoka kinyozini, nywele za mteja bado ziko kwenye mikono ya shati. Alikuwa amebeba fimbo yake ya kaboni kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

"Jirani, sikuja kukuzuia," alisema Bibi Samaki. "Nimekuja tupime."

"Mimi mzima."

"Tunapima fimbo. Wewe ni mizani tu. Ila kwanza nijibu kama fundi. Mtu anakuita, anasema taa yake haiwaki. Unamwambia anunue taa mpya?"

"Hapana. Naangalia swichi. Halafu waya. Halafu viungio. Taa ni mwisho."

"Sasa mbona bwawani umeanzia kwenye taa?"

Fundi aliizunguka meza.

Bibi Samaki alichukua fimbo ya faiba, akaukagua mshipi wake. Ulikuwa wa nailoni, mnene kama kamba ya viatu.

"Nani alikushauri uweke huu?"

"Mimi mwenyewe," alisema Fundi, na kidevu kilipanda kidogo. "Waya mwembamba unapitisha umeme kidogo. Waya mnene unapitisha mwingi. Nikaona mshipi mnene utapitisha habari nyingi."

Bibi Samaki aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyefika msibani.

"Jirani, mshipi haupitishi umeme. Unapitisha mtikisiko. Tazama." Aliuachia mshipi ulegee sakafuni. Ulijikunja duara duara kama springi. "Nailoni nene hainyooki vizuri. Majini inabaki na mikunjo, na maji yanausukuma mshipi unafanya tumbo. Perege anadonoa taratibu. Mdonoo wake unaishia kunyoosha hiyo mikunjo. Mkononi mwako haufiki."

"Fimbo ya kaboni ingesikia," alisema Fundi.

"Ndiyo maana tunapima."

Kazi ikaanza. Fimbo zote tatu zilizungushiwa mipini utepe mweusi wa umeme, ili zishikike sawa. Mbili zilizokuwa nyepesi zilifungiwa misumari kwenye mpini, mpaka uzito ukalingana na ile nzito. Fundi alifungwa macho kwa taulo, akawekwa sebuleni. Mshipi ulipita chini ya pazia mpaka ukumbini, na huko Bibi Samaki aliushika mwisho wake. Mkewe alikaa mlangoni penye pazia, na daftari mapajani.

"Nitasema 'hapo' mara ishirini," alieleza mkewe. "Mara nyingine jirani atakuwa amegusa mshipi kwa kidole. Mara nyingine hakugusa kitu. Wewe sema ndiyo au hapana."

"Kwa nini asiguse?"

"Kwa sababu nakufahamu."

Shemeji alitakiwa kubadilisha fimbo bila kusema ni ipi, na bila kucheka. La pili lilimpa shida.

Raundi ya kwanza ilitumia mshipi ule mnene.

"Hapo."

"Ndiyo. Perege huyo."

"Hakugusa. Hapo."

"Hapana."

"Amegusa. Simama mahali pamoja, baba watoto, unausogeza mshipi."

"Nimesimama."

"Miguu yako imesimama. Mikono inacheza ngoma."

Mara ishirini zilipokwisha, alikuwa amepatia kumi na moja. Fundi alisema si vibaya. Bibi Samaki alimwambia kutoka ukumbini kwamba mtu akibahatisha tu, bila kushika kitu chochote, atapatia kama kumi.

Raundi ya pili fimbo ilibadilishwa, mshipi mnene uleule. Alipatia kumi na mbili.

"Basi hiyo ya pili ndiyo yangu ya faiba, na ile ya kwanza pia," alisema Fundi chini ya taulo. "Hamjanipa ya kaboni."

Shemeji alikohoa.

"Ya pili ilikuwa yangu, shemeji."

Mtu aliyefungwa macho hana pa kutazama. Fundi aligeuza uso huku na huku. Nje saa zilikuwa zinakwenda, na duka halikuwa mbali. Alihisi miguu inamwasha.

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja kasoro dakika tano," alisema mkewe. "Tuendelee."

Bibi Samaki alifunga mshipi wake mwembamba kwenye fimbo zote, zamu kwa zamu. Ulikuwa wa nyuzi zilizosukwa, usiovutika. Kabla hajaanza, aliishika ncha ya fimbo ya faiba, akaitikisa. Pete ya mwisho ya kupitishia mshipi ilicheza.

"Na hiki ni nini?"

Fundi aliinua taulo upande mmoja, akagusa. Uso wake ulibadilika.

"Kiungio kimelegea," alisema polepole. Kwa mafundi umeme hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Aliibana pete kwa uzi na gundi pale pale, na muda wote huo, ajabu, mwili wake ulitulia. Walisubiri gundi ikauke, kisha akarudi chini ya taulo.

"Sasa sikiliza," alisema Bibi Samaki. "Usiikamate fimbo kama unaizuia isikimbie. Ishike kwa wepesi. Weka kidole cha shahada juu ya mshipi wenyewe. Mshipi uwe umenyooka, lakini usiuvute. Halafu usifanye kitu."

"Nisifanye kitu gani?"

"Chochote."

Hilo lilikuwa gumu kuliko zege. Mara tano za kwanza alikosea mbili, kwa sababu goti lake lilikuwa linatetemeka na kutikisa mkono. Mkewe aliinuka, akambonyeza bega, akamkalisha kwenye kiti. Kutoka hapo mambo yalibadilika.

"Hapo."

"Ndiyo."

"Hapo."

"Hapana."

"Hapo."

Fundi aliinamia fimbo. Kidole chake kilipokea kitu kidogo sana, kama mtu anayegusa karatasi chumba cha jirani.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya chini.

Kwa fimbo yake ya faiba, ile aliyoiita fito, alipatia kumi na saba kati ya ishirini. Kwa fimbo ya kati ya Bibi Samaki, kumi na tisa. Kwa fimbo ya kaboni ya Shemeji, kumi na tisa.

"Haiwezekani," alisema Shemeji. "Mizani imeharibika. Nifungeni mimi. Fimbo yangu naijua hata nikiwa usingizini."

Akafungwa taulo. Akapewa fimbo tatu, moja baada ya nyingine, na Bibi Samaki akagusa mshipi mara kumi kwa kila moja. Shemeji alifikiri kwa uzito unaostahili. Akainua ya pili.

"Hii hapa. Usikivu wake unaujua tu. Ni kama mtoto wangu."

Mkewe Fundi alibandua utepe mweusi. Ilikuwa ya Bibi Samaki. Hakuna aliyecheka kwa muda wa kama sekunde mbili. Kisha dada yake Shemeji alianza, na alipoanza hakukuwa na wa kumzuia.

"Kaka, mtoto wako yuko pale kwa jirani."

"Msimcheke," alisema Bibi Samaki, ingawa naye alikuwa ameuma midomo. "Fimbo yake ni nzuri kweli. Tuseme haki. Kaboni inapitisha mtikisiko kuliko faiba ya bei rahisi. Mmeona, kumi na saba kwa kumi na tisa. Halafu ni nyepesi. Mimi niliifungia misumari, lakini bwawani haina misumari. Ukiishika siku nzima mkono hauchoki, na mkono usiochoka unasikia zaidi. Lakini kutoka ya bei ya kati kwenda ya bei mbaya, mkono wa Fundi haukuona tofauti. Wa kwako pia."

"Kwa hiyo kila mtu anunue ya kati?" aliuliza mkewe.

"Hapana. Mikono haifanani, na sisi tumepima jioni moja tu. Kila mtu apime mwenyewe kabla ya kununua. Ila aanze na vile vya bei ndogo. Mshipi. Pete. Namna ya kushika. Hivyo vikiwa sawa na bado husikii, hapo ndipo fimbo ijadiliwe."

"Na mimi niongeze moja la ufundi," alisema Fundi. Alikuwa bado amekaa, taulo shingoni. "Kaboni inapitisha umeme. Ukivua chini ya nyaya za umeme, au radi inapiga, fimbo hiyo ni hatari. Iweke chini uondoke."

Shemeji aliisogeza fimbo yake mbali na soketi.

Saa kumi na mbili kasorobo. Fundi aliinuka ghafla, akanyanyua sanduku la drili, akatoka nje. Mkewe alibaki na daftari mkononi. Mtu anaweza kuonyeshwa ukweli mara sitini na bado akafuata miguu yake.

Muuzaji alikuwa ameshaanza kuingiza vitu ndani. Alipomwona Fundi na sanduku, alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo.

"Nilijua utakuja."

"Acha fimbo hapo. Rafu zako ziko wapi?"

"Rafu?"

"Ulisema una rafu za kufunga. Nionyeshe ukuta."

Alitoboa mashimo manane kwa muda wa robo saa, akafunga rafu mbili, akazijaribu kwa kuzining'inia. Muuzaji alizitazama, akaitazama fimbo ndani ya kioo, akaona kwamba hajapata drili lakini pia hana tena haja nayo.

"Nikupe nini sasa?"

"Mshipi mwembamba wa kusukwa. Na ndoano ndogo."

Aliporudi, mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Kwanza alitazama sanduku. Aliliinua kidogo kwa mkono mmoja, akalipima uzito. Lilikuwa zito kama kawaida. Ndipo alipompisha mumewe aingie.

Jumapili asubuhi bwawa lilikuwa kimya. Kesho yake Fundi alikuwa na vyumba kumi na viwili vya kutoboa, na cha kutobolea alikuwa nacho. Aliketi ukingoni na fimbo yake ya faiba, kidole juu ya mshipi mwembamba. Dakika ya kwanza ilimtesa. Ya pili alitaka kuvuta ndoano aikague. Pua ilimuwasha, akaiacha iwashe. Ya tano kitu kikagusa kidole chake, mara moja, kidogo. Akavuta mapema, akakosa. Aliweka chambo kipya, akarusha tena. Kikagusa mara moja. Akangoja. Kikagusa mara mbili, kisha mshipi ukaanza kuondoka wenyewe. Akainua mkono, na fimbo ikapinda mpaka majini.

Perege alikuwa mpana kama kiganja na nusu. Kabla ya saa nne Fundi alikuwa na wanne. Shemeji alikuwa na watatu, na kwa mara ya kwanza katika wiki saba hakuuliza mtu amepata wangapi. Alikuwa ameiweka fimbo yake magotini, anaifikiria.

"Shemeji."

"Naam."

"Yule muuzaji wako. Akiletewa fimbo ya kaboni, anaweza kutoa mashine ya kunyolea? Yangu imeanza kung'ata wateja."

"Usiibadilishe."

"Unanionea huruma?"

"Kutwa nzima mikono yako iko juu vichwani mwa watu," alisema Fundi, macho yakiwa majini. "Nyepesi inakufaa. Ila mashine niletee nyumbani kesho jioni niifungue. Inawezekana ni waya tu."

Shemeji alifungua mdomo ajibu. Fundi aliinua mkono wa kushoto taratibu, kumwomba angoje, kwa sababu wa kulia ulikuwa unasikia kitu.